Ujira wa kumsaidia mteja kusajili pikipiki

Ndugu yangu, umeuliza utoze kiasi gani katika ofisi yako ya Majengo, Dodoma, unapowasaidia waendesha bodaboda kusajili pikipiki TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) na kuomba leseni ya usafirishaji LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini). Kwanza, tenganisha fedha za Serikali, ambazo mteja azilipe mwenyewe kwa namba ya malipo aliyopewa, na ujira wako, unaopaswa kutokana na muda, intaneti na uchapaji, wala si thamani ya chombo, kwa kuwa fomu ya lori haikuchoshi kuliko ya pikipiki. Aliyetoka Mpwapwa akakuta mtandao umekatika, usimtoze tena akirudi. Bandika bei ukutani. Tena, ile ada ya mwaka ya leseni ya gari, maarufu kama rodi laisensi, ilifutwa mwaka 2017. Usiirudishe kwa jina jingine.