Maabara haina mashine? Anza na tone la maji

Wanafunzi wa kemia na uhandisi hapa Dodoma wananiuliza sana: nitaingiaje kwenye utafiti wa polima za tiba, yaani plastiki na mipira ya vifaa vya hospitali, wakati maabara yetu haina vifaa? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Mashine utazikuta mbele ya safari, na kuzitumia utafundishwa ndani ya wiki. Kinachokwamisha watu ni usafi wa sampuli, na huo hakuna wa kukufundisha kwa haraka.

Mwili haukutani na plastiki nzima. Hukutana na tabaka la juu kabisa, nanometa chache tu, na hata hilo haulioni kwa muda mrefu. Kifaa kikigusa damu, ndani ya sekunde kadhaa protini zimeshakifunika. Albumini hutangulia kwa kuwa ni nyingi na ndogo, halafu nyingine huisukuma na kukaa mahali pake, ikiwemo fibrinojeni, ambayo hunasa chembe sahani na kuchochea kuganda kwa damu. Aliyetufungua macho kwa hili ni Leo Vroman, Mholanzi aliyehamia Marekani, na kwao walimfahamu zaidi kama mshairi. Kwa hiyo kuubadili uso wa plastiki ni kuchagua protini zipi zikae pale na zikae vipi. Ukishalielewa hilo, utaona kwa nini alama ya kidole inatosha kuharibu kazi ya mwezi.

Sasa tone: namna linavyokaa juu ya uso ndiyo inakuonyesha uso huo ukoje, na kama ni msafi. Tafuta slaidi ya kioo, kipande cha dumu la mafuta ya kula kilichooshwa vizuri, simu yenye kamera nzuri, na bomba la sindano la insulini. Kwenye bomba la U-100, yaani la yuniti 100 kwa mililita, yuniti moja ni maikrolita 10, kwa hiyo nusu yuniti inakupa tone la kufaa. Weka karatasi nyeupe nyuma, taa nyuma ya karatasi, simu usawa wa tone, upige picha. Pembe kati ya ukingo wa tone na uso lilipokaa, ikihesabiwa ndani ya tone, utaipima kwa ImageJ, programu ya bure. Kwenye dumu tone litasimama, pembe ikizidi kidogo nyuzi 90. Kwenye kioo kisafi kweli litatandaa karibu lote. Likisimama kwenye kioo, usiilaumu simu. Kioo kina mafuta.

Na Dodoma mafuta hayakosekani. Kiangazi hiki ngozi inapasuka, kila mtu kajipaka kabla ya kutoka nyumbani, na vidole vinaacha utando usioonekana kwa macho. Vaa glavu zisizo na poda, shika sampuli kwa kibano, tena pembeni. Vumbi nalo linaingia hata dirisha likifungwa, kwa hiyo funika sampuli muda wote usipoigusa. Kisha kuna hewa yenyewe: kavu mno. Tone linapokauka kingo zake hung'ang'ania pale pale huku katikati panashuka, na pembe inapungua bila uso kubadilika hata kidogo. Zima feni, piga picha ndani ya sekunde chache, na kila sampuli ipewe muda ule ule.

Maji ya bomba letu yana chumvi, mnalijua hilo kwa birika zenu. Usisuuzie nayo mwisho. Tafuta maji yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, lakini usiamini chupa kwa sababu ya lebo: dondoshea tone kwenye kioo kisafi, liache likauke. Likiacha duara jeupe, hayo ya kufulia.

Andika tarehe na saa kwenye kila sampuli. Mpira wa silikoni ukipigwa plazma (gesi iliyochajiwa kwa umeme, si ile ya damu) unapenda maji papo hapo, lakini ukiuacha hewani, molekuli fupi za ndani hupanda juu taratibu na uso unarudi kukataa maji. Mtu akiniletea matokeo ya silikoni bila kusema ilipimwa muda gani baada ya plazma, sisomi zaidi. Usiitunze pia kwenye mfuko wa nailoni: mifuko mingi ina vilainishi vinavyohamia kwenye sampuli. Kisahani cha petri cha kioo kinatosha.

Kuhusu mada, usiitafute kwenye intaneti kabla hujaongea na manesi. Waulize kuhusu mpira wa mkojo: huziba baada ya siku ngapi, ukitolewa unakutwa na nini. Watakueleza habari ya chenga ngumu kama mchanga. Bakteria kama Proteus mirabilis huvunja urea kuwa amonia, mkojo unapoteza tindikali, na fosfeti za kalsiamu na magnesiamu zinaganda ukutani mwa mpira. Hapo una swali la uso linalomgusa mgonjwa wa wodi ya jirani yako, na unaweza kulianza kwa mkojo wa kutengeneza maabara, bila kumgusa mtu.

Siku utakapotaka mipira iliyotumika na wagonjwa, utahitaji kibali cha maadili, na chuo au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, watataka kuona itifaki, yaani mpango wa utafiti, iliyokamilika. Anza kuiandika wakati bado unajifunza kupima tone, maana maswali yao ni mengi na hawakimbizwi.