Taa za mbele za Leaf zinapepesa

Kaka, umeuliza kwa nini taa za mbele za Nissan Leaf yako, gari la umeme, zinapepesa. Hofu yako kwamba betri kubwa inayoendesha gari imekufa iweke pembeni. Taa za mbele zinatumia betri ndogo ya volti 12, sawa na kwenye gari la petroli. Shika mita, pima betri hiyo ndogo: gari likiwa limezimwa isome kama volti 12.5. Liwashe mpaka liwe tayari kuondoka, inatakiwa ipande hadi kati ya 13 na 14.5. Isipopanda, kifaa kinachoichaji kutoka betri kubwa kina shida. Hapo mwite fundi anayejua magari ya umeme, na nyaya za rangi ya chungwa usiziguse.

Ila gari linalolala Raskazone, Tanga, upepo wa bahari usiku kucha, mimi ningeanza na ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Fuata waya mweusi wa taa mpaka unapofungwa kwenye bodi. Ukikuta unga wa kijani au mweupe chini ya nati, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, pakaa grisi. Inapepesa moja tu? Badilishana balbu za kushoto na kulia, uone kama tatizo linahama.

Halafu hujasema: ulifunga balbu za LED za dukani? Rudishia za halojeni, zile za zamani za waya, kwanza. Magari mengine hupeleka umeme wa taa kwa kukatakata. Halojeni haionyeshi kupepesa huko, LED inakuumbua.