Maswali ya Wasomaji: Reli Ipi kwa Treni ya Mezani?

Tangu SGR, reli yetu ya kisasa, ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mwanangu hana habari nyingine. Nataka kumjengea njia ya treni ya umeme juu ya plaiwudi moja ya futi 4 kwa 8. Naona saizi za HO, OO, N, TT. Kwa SGR ninunue ipi, na vipande vingapi?
*Msomaji, Nkuhungu*

Nunua HO. Uwiano wake ni 1:87 na reli zake zimeachana milimita 16.5. Zidisha 16.5 mara 87 upate kama 1,435, ambao ndio upana wa SGR kwa milimita. Reli ya kati ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo wanaoiiga kwa uwiano huohuo hutumia njia ya milimita 12, iitwayo HOm. Mabehewa ya njia hizo mbili hayaingiliani, basi amua kabla hujatoa shilingi. OO ya Uingereza hupita kwenye reli ya HO bila shida, ila mabehewa yake ni makubwa zaidi, uwiano 1:76. Ukiyaunga na ya HO utaona tofauti.

Sasa kona, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Plaiwudi yako ina upana wa milimita 1,220. Kona kubwa inayoenea humo ni ya nusu kipenyo cha milimita 559, inayobakiza kama milimita 50 kila upande. Weka ukingo wa mbao, maana kichwa kikiacha njia kitaishia sakafuni. Mzunguko mmoja unahitaji vipande 16 vya kona vya nyuzi 22.5, na vipande 10 vilivyonyooka vya milimita 229, vitano kila upande. Seti nyingi za kuanzia huja na kona ya milimita 457, vipande 12 kwa duara. Inafanya kazi kwa kichwa kifupi na mabehewa ya mizigo, lakini behewa la abiria la mita 25 likipunguzwa kwa HO lina milimita 287. Kanuni ya kawaida ni kwamba nusu kipenyo cha kona kiwe angalau mara tatu ya urefu wa behewa, na meza yako haifiki huko. Tafuta mabehewa yaliyofupishwa, na kwenye maelezo yake usome kona ndogo kabisa yanayoweza kupita.

Usiunge kona ya kulia moja kwa moja na ya kushoto. Kati yake weka kipande kilichonyooka chenye urefu wa behewa lako refu, la sivyo mabehewa yatavutana na kutoka njiani.

Nilinunua reli zilizotumika. Treni inasimama-simama. Nimezipiga msasa zikang'aa, ikatulia siku chache, sasa ni mbaya kuliko mwanzo.
*Msomaji, Makole*

Acha msasa, dada. Unachora mikwaruzo midogo, na vumbi la Dodoma likichanganyika na mafuta ya magurudumu linakaa humo. Futa reli kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye spiriti ya asilimia 90 au zaidi, huku umeme umezimwa, kisha safisha na magurudumu yenyewe. Ukisafisha reli peke yake, uchafu wa magurudumu utarudi palepale.

Halafu angalia ni reli za nini. Sumaku ikinata, ni chuma, nacho hupata kutu masika hata huku kwetu kukavu. Zikiwa za njano ni shaba na zinki. Kutu yake haipitishi umeme vizuri, utasafisha kila wakati. Zinazofaa ndani ya nyumba ni zile nyeupe za nikeli-silva, yaani shaba, nikeli na zinki. Ghali kidogo, lakini hapo tusingeshauri kubana matumizi.

Kama umeme unafifia mbali na kidhibiti, tatizo ni viungio. Kila kikichomolewa na kurudishwa hulegea, kwa hiyo badilisha vilivyolegea. Kisha pitisha chini ya meza waya wa milimita mraba 1.5, ule wa nyumba, na kila mita moja uchomoe tawi jembamba ulilehemu kwenye reli, upande wa nje ambako gurudumu halifiki. Tumia risasi ya mafundi redio, si dawa ya tindikali ya bati, kwani tindikali huendelea kula reli.

Ndugu yangu wa Ujerumani ameniletea treni ya Märklin ya HO. Nikiiweka kwenye reli za kawaida umeme unakata papo hapo. Imeharibika?
*Msomaji, Singida*

Haijaharibika. Treni za HO za Märklin huchukua umeme katikati ya njia kwa kipande kinachoteleza chini ya kichwa, na reli zote mbili ni upande mmoja wa umeme. Magurudumu yake ya kushoto na kulia yameunganishwa, kwa hiyo kwenye reli za kawaida husababisha shoti. Tafuta reli za Märklin zenye vipini vya kati. Mabehewa peke yake unaweza kuyabadilishia magurudumu yasiyopitishiana umeme kati ya kushoto na kulia.

Je, ninaweza kuweka reli uani, juani?
*Msomaji, Kondoa*

Unaweza, lakini si HO. Uani inafaa njia ya milimita 45, inayojulikana kama G. Kwa uwiano wa 1:22.5 inaiga reli ya mita moja, ndiyo ile reli ya zamani inayopita Dodoma. Hapa reli ya shaba ya njano ni sahihi, kwa kuwa ni nene na haivunjwi na mvua wala jua. Kichwa cha betri kitakuepusha kusafisha reli.

Usizipachike kwenye zege. Mita 10 za shaba, joto likipanda nyuzi 30, hurefuka karibu milimita 6, na zikibanwa zitapinda pembeni. Chimba mfereji wa sentimita 10, ujaze kokoto ndogo, ulaze mataruma juu yake yakielea. Kwenye kona ya kwanza kiungio kimoja kiachwe kiteleze, nafasi ya milimita 2 hadi 3. Mvua za Desemba zikianza, hakikisha mfereji unamwaga maji upande mmoja, kwani kokoto zikijaa udongo njia huzama na mabehewa huanza kuyumba.