Mpangaji mwenye kipato kidogo: akate bima ya vitu vya ndani au aache?

Mkuu, umesema mmepanga vyumba viwili Tabata, mshahara ukitoka unaishia kwenye kodi na ada ya mtoto, shemeji ameanza kushona nguo hapo hapo nyumbani, na wakala amekuachia fomu ya bima ya vitu vya ndani. Mimi pia ni mpangaji. Nimekuwa na bima hiyo kwa muda na nimewahi kudai nikalipwa, kwa hiyo nakueleza nilichokiona.

Bima ya mwenye nyumba, kama anayo, ni ya kuta zake na paa lake. Kitanda, friji na nguo zako hazimo. Na nyumba zetu hizi za kupanga unazijua: kuta za vyumba zinaishia kwenye dari, juu kuko wazi. Moto ukianzia chumba cha mbele unapita juu kwa juu hadi cha mwisho, hata kama wewe ulikuwa kazini na swichi zako zote umezima.

Hata hivyo, kama huna akiba hata ya kodi ya mwezi mmoja, anza na akiba. Mtoto ataugua na kibarua kitayumba kabla mwizi hajaja, na bima ya vitu haikununulii dawa. Mimi na mke wangu tuliandika kila kitu cha ndani, kisha tukajiuliza kwa kila kimoja: hiki kikiondoka leo, tutakirudisha lini? Sufuria, feni na viti vya plastiki tuliona tutavirudisha taratibu. Vichache vilivyobaki ndivyo vilivyotufanya tukate bima. Ada ya mwaka mzima haikufika kodi yetu ya mwezi mmoja. Ingezidi hapo, nisingekata.

Sasa kuhusu kulipwa. Tukiwa msibani mkoani, wezi walikata nondo za dirisha wakaondoka na TV, kompyuta na mtungi wa gesi. Jirani alipopiga simu nilimwomba asiguse dirisha, apige picha kwanza. Tuliripoti polisi tukapewa RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, na siku hiyo hiyo tukaiarifu kampuni. Akaja mtu wa kukadiria hasara, akataka risiti. Nyingine tulikuwa nazo, nyingine hatukuwa nazo, lakini mke wangu alikuwa amepiga picha namba za nyuma za kila kifaa na kuzituma kwenye barua pepe yake. Picha hizo zilitusaidia sana. TV ililipwa kwa thamani yake ya siku ile, uchakavu umekatwa, kisha ikatolewa ile sehemu ya hasara ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe. Hela ilichelewa, na haikutosha kununua vyote vipya. Lakini hatukukopa kwa mtu, na kwa hali tuliyokuwa nayo baada ya msiba, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Angalia neno la kuvunja. Bima nyingi za wizi wa nyumbani zinadai alama za kuvunjwa mlango au dirisha. Mgeni akiondoka na simu yako, au mlango ukiachwa wazi, huenda usipate kitu.

Usipunguze thamani ili ada ishuke. Wenye kipato kidogo tunashawishika sana hapa. Tuseme vitu vyako ni vya milioni 8, wewe ukaandika milioni 4. Wakiiba vya milioni 2, kampuni inaweza kukulipa milioni 1 tu, kwa hoja kwamba ulikatia bima nusu ya mali, na ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe bado itakatwa humo. Kama uwezo ni mdogo, uliza kama unaweza kuorodhesha vitu vichache kwa thamani yake kamili.

Cherehani ya shemeji ndiyo ningeihangaikia kuliko TV. Inaingiza hela, na kwa sababu hiyo kampuni inaweza kuihesabu kuwa kifaa cha biashara, kisichomo kwenye bima ya nyumbani. Vitambaa vya wateja navyo ni mali ya watu wengine. Mwambie wakala waziwazi kwamba kazi inafanyika nyumbani, na akikubali aviandike kwenye hati. Maneno ya mdomoni usiyachukue.

Mafuriko ulizia peke yake, hasa kama mko upande wa bonde la Msimbazi. Desemba 2011 maji yalibeba vitu vya watu huko, na kuna waliohamishiwa Mabwepande.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha kampuni na wakala wana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini Tanzania, na ulize kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, udai risiti. Dai likikataliwa bila sababu ya kueleweka, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyotokana na Sheria ya Bima ya 2009.

Kwa hali yako, mimi ningeirudisha fomu kwa wakala na swali moja la maandishi: cherehani inayoshonea wateja ikiungua au ikiibwa humu ndani, mnalipa? Akijibu ndiyo kwa maandishi, na ada haizidi kodi ya mwezi, kata. Akikataa, hiyo hela iwekeni akiba kwa ajili ya cherehani, na nondo za dirisha muziimarishe wiki hii.