Re: Redio ya kompyuta au ya kuzungusha kwa mkono?

Mkuu, umeuliza kama hapo Moshi ununue redio ya ridhaa (ile ya kurusha na kupokea mawasiliano na wenzetu hewani) inayoendeshwa yote na programu ya kompyuta, au ile yenye vitufe vya kuzungusha. Mimi niko Arusha, na nakushauri uchukue yenye vitufe. Umeme ukikatika jioni, redio ya wati 100 inataka volti 13.8 na takriban ampea 20 unaporusha. Betri nzuri ya gari inaibeba. Ukiongeza kompyuta umeongeza mzigo, na chaja yake mara nyingi inamwaga kelele kwenye bendi (kundi la masafa) ya mita 40 hadi kituo dhaifu kinazama kabisa. Hilo linaniuma kuliko yote.

Skrini ya redio ya kompyuta inayoonyesha bendi nzima ni tamu, sikatai: unamwona mtu hewani kabla hujamsikia. Ila IC-7300 ya Icom, iliyotoka 2016, inakupa vyote viwili. Ndani ni programu, nje ina vitufe na skrini yake. Ukitaka FT8, yaani kutuma ujumbe mfupi wa kidijitali hewani kwa kompyuta, kebo moja ya USB inatosha.

Kamilisha kwanza leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Halafu funga dipoli (antena ya waya) ya bendi ya mita 20, waya wa urefu wa mita 10 hivi, juu kadiri unavyoweza.