Siku moja Copenhagen: anzia Rosenborg

Ndugu, kwa kuwa umesema una siku moja tu mjini Copenhagen na hujui uanzie kasri, makumbusho au bustani, nakushauri kwa moyo wote uanzie Rosenborg, kasri ambalo Mfalme Christian wa Nne wa Denmark alianza kulijenga mwaka 1606, kwani hapo vyote vitatu viko pamoja. Panda hadi ukumbi wa ghorofa ya juu, usimame mbele ya kiti cha enzi kilichotengenezwa kwa meno marefu ya nyangumi wa Aktiki, kikilindwa na simba watatu wa fedha. Kisha shuka chini kwenye hazina ya mataji. Saa tano na nusu asubuhi walinzi wenye kofia ndefu za manyoya ya dubu huondoka jirani na kasri kwa miguu hadi Amalienborg, makazi ya familia ya kifalme, ambako hupokezana zamu saa sita mchana, nawe unaweza kuwafuata bila kulipa chochote. Bustani ya Kongens Have, inayolizunguka kasri, nayo haina kiingilio. Alasiri nenda Makumbusho ya Taifa, na tafadhali usiondoke bila kuliona Gari la Jua, farasi wa shaba anayevuta sahani iliyofunikwa dhahabu upande mmoja, lililopatikana mwaka 1902.