Maswali yenu: besiboli ya Wikipedia kutoka Kisumu

Nilipowaambia kuna watu kadhaa hapa Kisumu tunaandika makala za besiboli kwa Wikipedia ya Kiswahili, bila malipo, simu ilijaa meseji. Wengine walicheka tu, hao nimewaachia kicheko chao. Wenye maswali, haya.

Hapa tunajua soka ya K'Ogalo na raga. Besiboli ni ya nani jameni? (Msomaji, Kondele)

Brathe, vuka tu hapo Busia. Mwaka wa 2011 watoto wa Uganda walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, kule Williamsport, Pennsylvania, lakini wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata vijana wa Lugazi wakafika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, na hawakuenda kutalii, maana walipiga timu ya Gresham ya Oregon 3-2. Halafu 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akaingia uwanjani na Pittsburgh Pirates, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga mpira vizuri akafika beisi ya kwanza, na aliyekuwa anamrushia ni Jon Lester wa Cubs, si mtu wa mchezo. 2022 nayo Dodgers, timu nyingine ya ligi hiyo, wakasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Hizi ni habari za jirani, na mimi naona tuanze nazo kabla hatujafika kwa Babe Ruth, yule nyota wa zamani wa Marekani, yeye ameshaandikwa na kila mtu.

Sielewi huo mchezo hata kidogo. Naweza kusaidia kweli? (Dada, Kakamega)

Wewe ndio tunakutafuta! Anayeujua mchezo huruka vitu, anadhani kila mtu anajua, halafu makala inasomeka na mashabiki peke yao. Kama ulicheza raunda primo uko karibu kufika. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji, anarusha, ukikosa ama ukiachia mpira mzuri upite mara tatu umetoka, yeye naye akirusha nje ya eneo la kupigwa mara nne na wewe hukujaribu kupiga unatembea bure hadi beisi ya kwanza, na beisi ni nne, mita kama 27.4 kutoka moja hadi nyingine, ukizizunguka zote ukarudi ulikoanzia ni pointi moja. Watu watatu wa timu wakitoka mnabadilishana, wapigaji wanaenda kudaka. Raundi ni tisa, na hakuna dakika tisini, mechi inaisha ikiisha.

Sasa chukua makala ya besiboli, isome, na kila mahali umekwama andika swali kwenye ukurasa wa majadiliano. Hiyo tayari ni kazi.

Nilitafsiri makala arobaini za wachezaji kwa mashine usiku mmoja, zote zikafutwa. Ni wivu ama? (Nakuru)

Si wivu, boss. Uliniforwadia moja, nikaiangalia. Sentensi tatu, hakuna chanzo hata kimoja, na Willie Mays umeandika amezaliwa 5 Juni 1931. Amezaliwa 6 Mei! Wamarekani huanza na mwezi, kwa hivyo 5/6/1931 yao si yetu, mashine imepita tu na wewe ukapita nayo. Sasa zidisha hiyo mara arobaini, nani atakaa kurekebisha? Mashine itumie, sikatai, lakini moja kwa siku na uisome kwa macho yako.

Binamu yangu anacheza softiboli, ndugu ya besiboli, chuoni, hatari sana. Nimuandikie makala? (Kisii)

Hapana. Kwanza ni binamu yako, utamsifu tu. Pili, kinachohitajika ni watu wasiomjua wawe wameandika juu yake kwa kirefu. Zamani kwa Wikipedia ya Kiingereza mechi moja tu ya ligi kuu ilitosha mtu kupata makala, lakini 2022 wahariri walibishana sana mpaka hiyo ruhusa ikaondolewa. Ila mechi moja si tatizo lenyewe: Eddie Gaedel, mtu mfupi sana, alisimama kupiga mara moja tu kwenye ligi kuu, 1951, na namba 1/8 mgongoni, na ana makala ndefu kwa sababu waandishi hawajawahi kuacha kumwandika.

Vyanzo mnatoa wapi na sisi hatuna hata hivyo vitabu? (Mzee, Bondo)

Mzee wangu, besiboli ina bahati, wapenzi wake ni watu wa kuweka rekodi hadi inachosha. Kuna SABR, chama cha watafiti cha tangu 1971, wasifu wa wachezaji wanauweka bure. Kuna Retrosheet ya 1989, watu wa kujitolea kama sisi, wanakusanya yaliyotokea mechi za zamani, tukio kwa tukio. Picha za zamani ziko Maktaba ya Bunge la Marekani na nyingi hazina tena hakimiliki. Soma, funga, andika kwa maneno yako, kopi na pesti hapana.

Na usidhani mambo ya zamani hayabadiliki. Wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu kwa miongo mingi mpaka Jackie Robinson alipoingia 15 Aprili 1947, wakawa na ligi zao wenyewe. Desemba 2020 hizo ligi zikatambuliwa kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zao zikaunganishwa na za wengine, ghafla Josh Gibson wa ligi hizo akawa juu ya Ty Cobb kwa wastani wa kupiga (yaani sehemu ya nafasi zake ambazo mtu alipiga akafika beisi), .372 dhidi ya .367. Gibson alikufa Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson. Kwa hivyo makala yoyote inayosema Cobb ndiye wa kwanza imepitwa, na hiyo unaweza kuirekebisha leo jioni ukiwa kwa matatu.

Bando? (Nyalenda)

Maandishi hayali bando. Andika kwa notsi za simu, ingia mtandaoni ukiwa tayari kubandika. Picha ndio zinakula.

Nataka kuleta wanafunzi wa klabu ya kompyuta. Vipi? (Mwalimu, Maseno)

Karibu sana Mwalimu. Wafungue akaunti mapema, kila mtu kwa simu ya nyumbani, kwa sababu Wikipedia inaruhusu akaunti sita tu mpya kwa siku kutoka kwa mtandao mmoja, wa saba ataambiwa ajaribu kesho na klabu yako itaanza kupiga kelele. Na wasitumie majina yao kamili.